Salamu za Mama Fumie kwa Mjukuu Wake

Baraka, tarehe 14 mwezi wa tano 2023

Mama,

Kwanza ukae chini, halafu usome. Nimepata kazi. Si ya kuuza mali ya mtu, wala si ya kusubiri mashirika yapite na magari yao. Ninafundisha Kiingereza, na wanafunzi wangu ni Wajapani. Usicheke. Mimi niko hapa hapa Baraka, kwa chumba nilichopanga kwa Mama Espérance, wao wako kwao kule jua linakotokea, na tunaonana kwa simu. Kwetu ikiwa saa ya kula mchana, kwao giza limeshaingia. Kile Kiingereza nilichotoka nacho kambi ya wakimbizi kule Kigoma, Tanzania, chenye ulisema hakitamshibisha mtu, ndicho hicho.

Hawa si watu wasiojua kitu. Wamesoma Kiingereza cha vitabu miaka mingi, sarufi wananipita. Wanachokosa ni maneno ya kila siku: kumuuliza mtu amelalaje, kumwambia jirani apunguze kelele, kutania. Juzi nilifundisha kwamba Mwingereza akisema anakuvuta mguu, maana yake anakutania. Mwanafunzi mmoja aliandika vizuri, kisha akachungulia miguu yake chini ya meza.

Ninayempenda kuliko wote ni Mama Fumie. Ni wa umri wako, labda amekuzidi kidogo. Analima viazi vitamu, anavichemsha, anavikata na kuvianika juani, kama wewe na mihogo yako. Binti yake Chisato aliolewa Kanada, na mtoto wa huyo binti, Kenta, ana miaka saba na anajua Kiingereza tu. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, wanamweka mtoto mbele ya simu. Bibi yake, koko kama wewe, anamuuliza habari, mtoto anajibu nzuri, halafu anakimbia kwenda kucheza. Imeisha. Nilimuuliza Mama Fumie anataka kujifunza nini kwangu, akasema anataka mtoto akae.

Sasa jambo letu. Biro ya masomo, ile ofisi inayonipa wanafunzi na kunilipa, imenichukua kwa majaribio mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Nikipita, kazi ni yangu, na Lionel anaondoka kwako kuja Baraka kuanza shule mwezi wa tisa. Hilo nimekwisha kuamua. Mtoto wangu hataanza darasa la kwanza kwa shule ambayo mwalimu anakuja siku akipenda.

Nampa Wilfried wa pikipiki barua hii, anapanda na moto yake kwa soko ya Lubondja.

Binti yako,
Nadège


Lubondja, tarehe 21 mwezi wa tano

Nadège mutoto wangu,

Wilfried alifika na vumbi mpaka kwa meno. Barua nilisoma mara mbili: ya kwanza juu ya habari, ya pili juu ya ile Kiswahili yako ya Kigoma. Mi nitaandika ya kwetu na utaisoma vile vile.

Kazi ni muzuri, Mungu asifiwe. Lakini juu ya Lionel, unaniandikia eti umekwisha kuamua. Huyu ni bwana yangu, na muke hanyanganywe bwana yake kwa barua. Leo asubui nilimuambia, bwana yangu, kuni iko wapi, unafikiri muke wako atapika bukari ya mihogo na maneno? Akanijibu kama yeye ameshaoa mwengine, mwenye meno yote. Nilicheka mpaka nikashika mulango. Jino yake ya mbele ilitoka juzi, na yeye ndiye anasema juu ya meno ya bantu bengine.

Ule mama wako wa Japani namuonea huruma. Anasalimia mujukuu sawa vile bantu banasalimia komanda wa basoda kwa bariyeri ya njia. Habari, nzuri, pita. Mutoto gani atakaa kwa ile? Umufundishe kusalimia sawa koko. Amuite bwana yangu. Amugombeze: ulikula kwa nani, na mi sijapika? Bwana gani haangalie muke wake? Utaona kama ule mutoto atakimbia.

Mihogo nimeloweka, jua iko ya kutosha. Usikae na njaa juu ya Bajapani.

Mama yako,
Suzanne


Baraka, tarehe 11 mwezi wa sita

Mama,

Ushauri wako umevuka bahari.

Nilimweleza Mama Fumie kwamba kwetu koko na mjukuu wanaitana mume na mke, na kwamba huo ni utani wa mapenzi. Akauliza kama ni adabu, na kama mtoto hataogopa. Nikamwambia mimi nimekua ndani ya utani huo, babu yangu aliniita mke wake mpaka alipozikwa, na mwanangu anaamshwa hivyo kila asubuhi. Basi alifunika mdomo kwa mkono, wanavyofanya kwao, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Tukafanya mazoezi somo zima. Mume wangu, umekula? Nani amekupikia na mimi sipo? Mume gani hajui hata mlango wa mke wake?

Siku ya Mungu aliyasema yote kwa Kenta. Mtoto alifungua mdomo, akamwangalia, akaanza kucheka. Alileta magari yake ya kuchezea yote mbele ya simu amwonyeshe. Akamuuliza kama ana meno. Akamuuliza kwa nini anakaa mbali hivyo ikiwa yeye ni mke. Walizungumza mpaka chai ya Mama Fumie ikapoa, na baada ya hapo alinitumia ujumbe wa neno moja: amekaa.

Mama, nililia pale pale juu ya kitanda. Mama Espérance alifikiri nimefiwa.

Nikiendelea hivi, hakuna wa kunizuia. Mwambie Lionel nimeshamchagulia viatu vya shule.

Nadège


Baraka, tarehe 25 mwezi wa sita

Mama,

Nakuandikia haraka maana Wilfried anawasha moto yake. Sisi wazima. Masomo yamesimama kidogo, rezo ya simu ya Baraka imeharibika, wanasema antena. Watatengeneza. Usiwe na wasiwasi juu ya mwezi wa tisa.

Nadège


Lubondja, tarehe 2 mwezi wa saba

Nadège,

Nilimuuliza Wilfried juu ya antena. Akashangaa. Anasema yeye iko anamupigia muke wake kila siku, ile rezo iko inasikia muzuri kuliko zamani. Na anasema alikuona mara mbili, saa sita ya muchana, kwa bandari na Mama Espérance, unabeba beseni ya samaki ndakala kwa kichwa. Wilfried ni motari, haiko mupelelezi, lakini macho iko nayo.

Nilikuzaa. Wakati uko unaficha kitu unaandika fupi. Wakati ulianguka mtihani ya Tanzania uliniandikia mistari minne, na mimba ya Lionel mistari mitatu. Sasa nimepata tano, basi haiko kifo. Ni nini?

Andika yote, na usiandike na ile Kiswahili ya kupiga pasi.

Suzanne


Baraka, tarehe 9 mwezi wa saba

Mama wangu,

Ni bile ulisema. Nilikudanganya, nisamehe. Biro imenisimamisha.

Iko hivi. Kenta alienda kwa masomo kule Kanada, na mwalimu alikuwa anauliza batoto juu ya familia zao. Yeye akasimama akasema ameshaoa. Muke wake iko Japani, iko muzee, anamupenda sana na anamuuliza kila siku ya Mungu ni mwanamuke gani anamupikia. Mwalimu haikucheka. Aliita bazazi. Kule ni mambo ya kuogopesha, Mama, muntu mukubwa kumuambia mutoto maneno ya ndoa. Baba ya Kenta alikasirika, na Chisato akamuuliza mama yake: nani alikufundisha ile? Wakakata simu ya siku ya Mungu. Nyuma ya ile Chisato akaandikia biro kunilalamikia.

Kosa langu nalijua. Mama Fumie alikuja kwangu kujifunza bile Baingereza banasema, na mi nikamufundisha bile sisi Babembe tunasema, nikavalisha tu Kiingereza juu. Sikujiuliza ata mara moja kama bale bako na utani ule. Kwangu ilikuwa sawa kuuliza muntu kama amelala muzuri. Sikuwaza kama kuko inchi kwenye mutoto hawezi kuitwa bwana na koko yake.

Sasa biro inataka nisaini karatasi. Nikisaini, banaweza kunirudisha kwa majaribio. Nisiposaini, imeisha, na Lionel anabaki Lubondja mwaka mwengine. Lakini ile karatasi inasema nilimufundisha mwanafunzi maneno machafu ya kuambia mutoto. Machafu, Mama. Nimeisoma mpaka macho yananiuma. Nikisema ile ni uchafu, nimesema babu ni muchafu, na we ni muchafu, na asubui yote ya Lionel ni uchafu.

Niliwajibu, nitasaini karatasi ya kusema nilikosa. Nitasaini ya kusema nilifundisha desturi ya kwetu kwa pahali haijulikani, na sitarudilia. Lile neno lengine siliweki jina langu chini yake. Nangojea. Saa ya masomo naenda na Mama Espérance kwa bandari, juu nikibaki kwa chumba naangalia simu tu.

Nadège


Lubondja, tarehe 16 mwezi wa saba

Nadège,

Nitakuambia bile ilikuwa, hata kama ni haya. Nilisoma barua yako, na mbele ya kukasirika nilifurahi. Nilisema, basi bwana yangu anabaki. Nilitwanga mihogo na ile furaha, nikaimba. Nyuma ya ile Lionel akaniuliza juu ya nini niko naimba. Nikaacha mutwangio.

Usisaini. We ulifanya muzuri. Kama kuko muntu wa kuulizwa, ni mi niliyetuma yale maneno, na biro haijue Suzanne. Ikuje iniulize. Nitaivalia kitenge ya kanisa.

Chini kuko barua ya kupelekea Mama Fumie. Uigeuze mu Kiingereza bile iko, usitengeneze, usinifanye nionekane mupole. Uitume kwa biro, bao bamupatie. Na ule Chisato naye aisome.

Suzanne

Mama Fumie, koko mwenzangu,

Mi ni mama ya mwalimu wako. Niko mulimaji wa mihogo, nasikia we uko mulimaji wa viazi. Mutoto wangu alikufundisha kuita mujukuu bwana. Ile haikutoka kwa kitabu, ilitoka kwangu.

Kwetu mama na baba banakomesha mutoto. Banamupiga, banamutuma, banamuangalia kama amenawa. Koko iko kwa ajili ya kazi ingine. Mutoto akigombezwa na bote, kuko pahali moja anaitwa bwana ya nyumba, anatengewa kipande ya nyama, anasikilizwa maneno yake ata ya ujinga. Ile ndiyo tunaita ndoa ya koko. Haina kitanda, haina kitu ingine. Mutoto akikua anaijua kama utani, na anapata muke wa kweli, na koko anacheza kwa ndoa mpaka viatu vinakatika.

Umuambie binti yako, simujibu na kasirani. Kama muntu wa mbali angemuambia Lionel maneno yenye sijue maana yake, na mi ningekamata fimbo. Alilinda mutoto wake. Na mi niko nalinda wangu, ni ile tu. Wangu hakufundisha uchafu.

Na we, kama uliumia juu yangu, unisamehe. Nilikuonea huruma bila kukuuliza mutoto anakaa inchi gani.

Suzanne wa Lubondja


Barua ya Mama Fumie kwa Mama Suzanne, iliyofika kupitia biro, tarehe 2 mwezi wa nane. Nimeigeuza mimi, Nadège, bila kupunguza.

Mama Suzanne mheshimiwa,

Kwetu joto ni kali na mashamba yanataka maji. Natumaini afya yako ni njema. Nimeandika barua hii kwa Kiingereza mwenyewe, bila mwalimu wa kunisahihisha, kwa hiyo niwie radhi.

Barua yako nimeisoma pamoja na kamusi, halafu nimeisoma tena bila kamusi. Binti yangu pia ameisoma. Alisema bado hapendi neno lile, kwa sababu shule ya kule haitalielewa. Lakini alisema pia kwamba tangu simu ikatwe, Kenta anauliza kila jioni kosa lake ni nini.

Nataka kukueleza jambo ambalo sijamwambia mtu. Kenta alipozaliwa, binti yangu aliamua asimfundishe lugha yetu. Alisema itamchanganya mtoto. Mimi niliona ni vibaya, lakini sikusema. Nilifikiri mama mzuri hamsumbui binti yake aliyeolewa mbali. Sasa ni mzee, na kila usiku ninajifunza lugha ya watu wengine ili nijue tu kama mjukuu wangu amekula.

Safari hii nimesema. Nilimwambia Chisato hivi: "Mwalimu huyu amefanya mtoto wako akae na mimi. Ukimfukuza, utakuwa umenifukuza mimi." Katika maisha yangu sijawahi kumwambia mtu maneno makali hivyo. Kisha nikaiandikia biro kwamba mwanafunzi ni mimi, niliuliza kama ni adabu, nikaelezwa, nikachagua mwenyewe. Ile karatasi yenye neno chafu nimewaomba waichane.

Mwalimu aliwahi kuniambia kwamba mjukuu wako anakwenda mjini kuishi naye. Ninafurahi juu ya shule yake. Lakini Mama Suzanne, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Sema unachotaka kabla hajaondoka.

Fumie


Baraka, tarehe 13 mwezi wa nane

Mama,

Nimerudi kazini. Biro ilibadilisha karatasi. Inasema nilifundisha desturi isiyotumika kwa wanaosema Kiingereza, na hilo ni kweli, nimesaini. Na jana wameniandikia kwamba hawangoji mwisho wa mwezi, majaribio yangu yameisha. Kazi ni yangu.

Simu ya siku ya Mungu imefunguliwa. Chisato anakaa pembeni anasikiliza. Mama Fumie na Kenta wametafuta utani mwingine unaokubalika kule: mtoto amempa koko yake cheo cha fundi mkuu wa magari yake, na kila wiki anamletea gari lililovunjika kwa simu. Mama Fumie anataka sasa majina yote ya vyuma vya gari. Nimelazimika kwenda kwa gereji ya jirani kuuliza, maana hata kwa Kiswahili sikuwa nayajua.

Shule inaanza tarehe nne mwezi wa tisa. Nimeandikisha Lionel hapa Baraka, ni umbali wa kutembea, mwalimu wake ni Mama Arlette wa kanisa letu. Kitanda chake kipo. Wilfried amekubali kumleta siku ya soko ya mwisho ya mwezi huu, atamweka mbele yake na kwenda polepole.

Mama, nimesoma barua ya Mama Fumie mara nyingi kabla ya kukutumia. Sikutaka kuugeuza ule mwisho wake. Nimeugeuza. Ukiwa na neno, sema.

Nadège


Lubondja, tarehe 20 mwezi wa nane

Nadège mutoto wangu,

Neno iko nayo. Ni ya mama mwenzangu na ni yangu.

Kazi uliipata juu ya kichwa ngumu, na ile kichwa ulitoa kwangu, basi mi nafurahi kabisa. Mutoto ataenda. Nimewaza usiku mingi namna ya kukatala, na sikupata moja yenye haiko ya kujipenda mi mwenyewe. Hapa, mbele masomo ifungwe, mwalimu alikuja mara mbili tu mwezi yote. Lionel anajua kuhesabu mbuzi, sasa ajue na kusoma.

Lakini unisikilize. Mchana afundishwe Kifaransa yao, na Kiingereza yako, na ile Kiswahili ya Kigoma kama unapenda. Jioni, wakati munakula, ni Kibembe. Kila siku. Hata kama umechoka, hata kama Mama Espérance anacheka. Umuite kula mu Kibembe, umugombeze mu Kibembe. Mi sitaki kukuwa muzee wa kujifunza luga kwa simu juu ya kujua kama mujukuu amekula. Kama akija hapa Noeli na ananisalimia na kinywa ya wageni, nitamurudisha kwako na ile moto yenye ilimuleta.

Nitaogopa nyumba. Niliandika ile maneno nikaifuta, sasa nimeiandika tena. Asubui nitaamuka na sitakuwa na muntu wa kuuliza kuni. Haiko juu ukae na uzito, ni juu ulisema niseme.

Nguo zake nimefua. Nimemufungia unga, na karanga za kukaanga. Anauliza kila mara kama Baraka iko na batoto ba kucheza nabo, na kama wewe unajua kupika. Nilimuambia atajionea.

Wilfried alikuja kupima pahali ya kumuweka kwa moto. Nilimukatalia. Utoke Baraka, ukuje we mwenyewe umukamate mukono hapa mbele yangu. Kumufungia nguo nimeweza. Kumupandisha kwa moto, mikono yangu haitakubali.

Mama yako,
Suzanne